Gumba, Sauti na Mkazo: Mwanagenzi wa Gitaa na Uhakiki wa Nyimbo za Kiswahili cha Kongo

1.0 Utangulizi

Mhakiki wa nyimbo za Kiswahili kwa kawaida huanzia kwenye karatasi. Maneno hunakiliwa kutoka katika sahani ya santuri au kanda, hupangwa mishororo, kisha huchambuliwa dhamira, tamathali na lugha yake. Gitaa, likitajwa, hupewa aya moja na kuitwa kisindikizo. Makala hii inashikilia kwamba mazoea hayo yametupotezea sehemu kubwa ya sanaa tunayodai kuichunguza, na kwamba njia nyepesi ya kuirejesha ni mhakiki mwenyewe kukubali kuwa mwanagenzi: ashike gitaa, apige kwa vidole, na ajaribu kuimba wakati huohuo. Hatusemi awe fundi. Tutaonesha kwamba kushindwa kwake ndiko kunakomfundisha.

2.0 Mfano wa Mwenda

Mfano bora tulio nao ni Mwenda Jean Bosco, aliyejulikana pia kama Mwenda wa Bayeke, aliyezaliwa mwaka 1930 na kufariki mwaka 1990 kwa ajali ya gari nchini Zambia. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi huko Jadotville, mji ambao leo unaitwa Likasi, na wimbo wake "Masanga" ukaenea mbali kuliko Katanga. Mwaka 1969 Mwenda alipiga gitaa lake katika tamasha la Newport, Marekani. Mtindo wake ni wa vidole viwili: gumba hushughulikia nyuzi nzito, na kidole cha shahada hucheza juu yake katika nyuzi nyembamba. Anayemsikia kwa mara ya kwanza hudhani wapigaji ni wawili.

Wataalamu hawakumsahau. David Rycroft alichapisha uchambuzi wa upigaji wake katika jarida la African Music mwaka 1961 na 1962, na kama kichwa cha makala yake kinavyoonesha, alijishughulisha hasa na ubunifu wa gitaa. Kwa upande mwingine, Johannes Fabian, katika makala yake ya mwaka 1978 kuhusu utamaduni wa watu wa kawaida huko Shaba, alizitazama nyimbo kwa yale zinayoyasema juu ya maisha ya mjini. Kazi zote mbili ni za thamani. Hata hivyo, msomaji wa Kiswahili hubaki na vidole visivyo na maneno mkono mmoja, na maneno yasiyo na vidole mkono wa pili. Mwimbaji mwenyewe hakugawanyika hivyo: kinywa na mkono vilikuwa vya mtu mmoja, na wakati ulikuwa mmoja.

3.0 Anachokigundua mwanagenzi

Mwandishi wa makala hii alianza kujifunza akiwa mtu mzima, mjini Mambasa, kwa jirani mmoja mzee aliyekuwa na gitaa la nyuzi tano, ya sita ikiwa imekatika zamani. Mafunzo yalikuwa na ngazi. Kwanza, gumba peke yake, mpaka mkono uende bila kuangaliwa. Pili, kusema maneno juu ya gumba kama mtu anayezungumza, bila kuimba. Tatu, kuimba mshororo mmoja huku kidole cha shahada kikipumzika. Mwisho kabisa, kukirudisha kidole hicho. Aliyeruka ngazi ya pili alirudishwa.

Ni katika ngazi hiyo ya pili ambapo jambo la kifasihi hujitokeza. Tuchukue sentensi mbili za kawaida, tulizojitungia kwa ajili ya zoezi: "Batoto banarudi" na "Mama yangu narudi". Kila moja ina silabi saba. Kwa kanuni ya kuhesabu mizani, ni vipande sawa, na mhakiki wa karatasini hana la kuongeza. Tuzipige sasa. Tuseme kila silabi inachukua nusu ya pigo, na gumba linaangukia silabi ya 1, ya 3, ya 5 na ya 7. Kwa kuwa mkazo wa Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho wa neno, "Batoto banarudi" ina mkazo kwenye silabi ya 2 na ya 6. Yote miwili huanguka kati ya magumba. Katika "Mama yangu narudi" mkazo uko kwenye silabi ya 1, ya 3 na ya 6: miwili ya kwanza inakaa juu ya gumba, wa mwisho unateleza.

Mwanagenzi hulijua hili kabla ya kulielewa. Sentensi ya kwanza inamshinda. Ama anauvuta mkazo uende kwenye gumba, naye anatamka kama mgeni asiyejua lugha, ama gumba linasimama kuungoja mkazo, na wimbo unavunjika. Fundi hafanyi hata kimoja. Huacha neno liwe na mkazo wake na gumba liwe na pigo lake, na utamu hutoka katika mvutano wa viwili hivyo. Basi vipande viwili vyenye mizani sawa si vipande sawa. Tofauti hiyo haionekani katika hesabu, inasikika mkononi.

4.0 Mizani, uimbikaji na lahaja

Kaluta Amri Abedi, katika Sheria za Kutunga Mashairi aliyoitoa mwaka 1954, alisisitiza kwamba shairi ni jambo la kuimbwa. Waliomfuata, pamoja na waliompinga katika mgogoro wa mashairi huru, walishika zaidi hesabu ya mizani na vina. Swali la uimbikaji, yaani maneno haya yanakaaje katika pigo, liliachwa nyuma. Nyimbo za gitaa za Kongo zinaturudisha kwenye swali hilo, wala si kwa bahati mbaya kwamba zinatoka mahali ambapo Kiswahili chake kimeitwa mara nyingi kibovu. Mtu anayesahihisha "batoto banarudi" kuwa "watoto wanarudi" anadhani ameuinua wimbo. Silabi ni zilezile saba, mkazo ni uleule, gumba halikuguswa. Alichosahihisha si sanaa. Lakini akibadili "batoto" kuwa "watoto wetu", ameongeza silabi na kuuhamisha mkazo, na hapo ameharibu kazi ya fundi bila kujua. Kinachoonekana kama udhaifu wa lahaja huenda ni uchaguzi wa mtunzi.

5.0 Mambasa na sauti ya pili

Inafaa kueleza kwa nini jambo hili lilieleweka Mambasa. Mji huu uko ndani ya msitu wa Ituri, na magharibi yake ni Epulu, ambako Colin Turnbull aliishi na Wambuti kabla ya kuchapisha kitabu chake kuhusu watu wa msituni mwaka 1961. Katika nyimbo za Wambuti sauti hufumana: mmoja huingia pale mwingine anapoacha nafasi. Hatudai kwamba Mwenda, mtu wa Katanga, alijifunza kwa Wambuti. Hakuna haja ya dai hilo. Tunadai jambo dogo zaidi, kwamba aliyekua akisikia sauti zikifumana hapati taabu kuelewa kwamba gitaa la vidole si kisindikizo. Ni mwimbaji wa pili, naye huingia pale wa kwanza anapovuta pumzi.

6.0 Hitimisho

Yawezekana mtu akapinga kwamba mhakiki wa fasihi hahitaji kuwa mwanamuziki. Ni kweli, kama vile mhakiki wa tamthilia hahitaji kuwa mwigizaji. Lakini mhakiki wa tamthilia ambaye hajawahi kukaa ukumbini hatutamwamini. Tunachodai ni kiasi hicho tu.

Tena jambo lenyewe halingoji. Vita vya Ituri vya 1999 hadi 2003 viliifikia Mambasa mwishoni mwa mwaka 2002, na watu walikimbilia msituni na Beni. Mzee aliyetufundisha alirudi. Gitaa lake halikurudi. Maneno ya nyimbo zake tunayo katika daftari, kwa mishororo safi yenye mizani iliyohesabiwa. Gumba lake hatukuliandika, kwa sababu wakati ule tulidhani kwamba wimbo ni maneno. Wanafunzi wanaokusanya nyimbo leo wasirudie kosa hilo: wanaponakili mshororo, waweke alama chini ya kila silabi inayopigwa gumba. Kazi hiyo ni ya penseli moja na sikio lililokubali kushindwa mara kadhaa.