Barabara Nyeupe, Udongo Mwekundu

Dereva wa Noah iliyonipeleka Bugomora, wilayani Kyerwa, alibandika simu kwenye dashibodi tulipotoka Omurushaka, akaitazama mara moja, basi. Njia iliyobaki alifuata vumbi la gari la mbele. "Kwenye simu barabara nyeupe, mzee," aliniambia. "Huku chini nyekundu."

Alikuwa na hoja. Katika OpenStreetMap, ramani huria ambayo data zake zinaendesha programu kama OsmAnd, rangi inataja cheo cha barabara, haitaji kilicho chini ya tairi. Barabara kubwa za njia nyingi hupewa wekundu wa waridi, kisha rangi hupauka kuelekea chungwa na njano, hadi nyeupe kwa barabara ndogo za vijijini.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Mradi ulianzia Uingereza mwaka 2004, nao ukarithi rangi za huko: bluu kwa zile za njia nyingi, kijani kwa barabara kuu. Mtu wa London hakuhitaji maelezo. Hamishia rangi hizo Kyerwa uone: Mto Kagera ni bluu, Hifadhi ya Ibanda-Kyerwa ni kijani, na barabara ya kijani ikipita msituni inamezwa. Mwaka 2015 Mateusz Konieczny, mwanafunzi kutoka Poland, alizipanga upya. Bluu akayaachia maji, kijani akaiachia miti, barabara akazishusha ngazi kwa ngazi kutoka rangi iliyokolea hadi iliyopauka. Ujanja uko hapo kwenye kukolea: hata asiyetofautisha nyekundu na kijani huona kwamba mstari huu ni mzito kuliko ule.

Tulichopoteza ni barabara ndogo. Nyeupe juu ya mandhari iliyopauka inashikiliwa na ukingo mwembamba wa kijivu, na saa saba mchana jua likigonga kioo cha simu, ukingo huo ndio wa kwanza kupotea. Usiku programu hugeuza mambo: mandhari nyeusi, barabara zikiwa na mwanga kidogo. Si urembo. Jicho huchukua dakika 20 au zaidi kuzoea giza, na skrini nyeupe hulirudisha nyuma mara moja, huku mbele kuna bodaboda isiyo na taa.

Udongo ulipata alama yake kwenye mtindo mkuu wa OpenStreetMap mwaka 2024 tu, nayo ni mchoro ndani ya mstari, si rangi. Naona walifanya sawa. Kahawia ingefuta cheo. Mchoro unabeba habari ya pili bila kuigusa ya kwanza. Ila hujitokeza pale tu mtu alipojaza aina ya uso wa barabara. Mstari usio na mchoro si lazima uwe lami. Huenda hakuna aliyejaza.

Tulipofika nilimwomba dereva simu, nikafungua kipande tulichopita, nikajaza: si lami.