Gunia Lisilo na Bei

Kariakoo hakuna kipimo kinachosema uongo kama gunia. Likishajaa hadi mdomoni, mfungashaji huliongezea kilemba juu na kukishona kwa kamba mpaka kikasimama. Hiyo ndiyo lumbesa: mkulima analipwa gunia moja, mzigo ni gunia na ushee. Likimfikia muuza rejareja linavunjwa tena, debe, kisado, mwisho fungu la vitunguu vitano, kilichobonyea kimelazwa chini. Hata jina la mtaa limetoka kwenye mizigo, kwa wapagazi wa Carrier Corps wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza.

M. G. Vassanji, aliyekulia humu jijini Dar es Salaam, aliipa riwaya yake ya kwanza jina la kipimo hicho: The Gunny Sack (1989). Salim Juma, akiwa uhamishoni, amerithi gunia kuukuu kutoka kwa Ji Bai, bibi wa ukoo. Ndani mna vitabu vya hesabu na shati lenye madoa ya damu. Gunia lina jina, Shehru, na msomaji wa Alfu Lela u Lela hahitaji kuambiwa jina hilo linamwita nani.

Gunia la sokoni hujazwa ili limwagwe. Hili halimwagwi. Salim anaingiza mkono, anatoa kitu kimoja, na hadithi inakifuata kitu hicho inakokwenda. Sehemu tatu za kitabu zina majina ya wanawake, Ji Bai, Kulsum na Amina, lakini ndani yake mambo hayakupangwa foleni kama mikebe rafuni. Ukoo huu ni wa wenye maduka. Kulsum, mama yake Salim, anaendesha duka Mtaa wa Kichwele, ambao baadaye ukaitwa Uhuru. Ungetarajia kila kitu kiwe na bei. Mwandishi anaihamisha bei kwenye kaunta, na katika gunia anabakiza vitu ambavyo hakuna mteja angevinunua. Huo ndio upinzani wa riwaya hii dhidi ya dunia ya kununua na kutupa, na haukuhubiriwa popote. Kezilahabi, katika Dunia Uwanja wa Fujo (1975), alimpa Tumaini urithi akautapanya mbele ya macho yetu, tukaipima fedha kwa mkasa wa mhusika. Kwa Vassanji kipimo kiko katika umbo.

Vitazame vile vitabu vya hesabu. Ni vya Dhanji Govindji, babu aliyetangulia, aliyezaa na mtumwa, Bibi Taratibu, mtoto aitwaye Huseni. Mtoto alipopotea, baba alimtafuta miaka mingi, na fedha za jumuiya yake zikateketea humo. Sasa mwenye duka anayeandika kila senti, safari ya kumtafuta mwana ambaye mama yake alikanwa na baba huyohuyo anaiandika safu ipi, ya mali au ya deni? Daftari linashindwa kuwa daftari. Linakuwa ungamo. Sioni mahali pengine katika riwaya ambapo umbo linafanya kazi kubwa hivyo kwa maneno machache hivyo.

Lakini gunia lina hila zake. Kadiri kitabu kinavyosogea kwenye siasa za baada ya Uhuru, kila Salim anapohitaji kumbukumbu, kumbukumbu iko. Msomaji anahisi kaunta imerudi kwa mlango wa nyuma: ulizia, utapewa.

Dunia hiyohiyo ya kununua na kutupa niliikuta katika A Caverna ya José Saramago (2000), riwaya niliyoisoma katika tafsiri ya Kiingereza ya Margaret Jull Costa, mara nyingi ndani ya basi la mwendokasi, Kimara hadi Gerezani. Mfinyanzi Cipriano Algor ana mnunuzi mmoja tu, Kituo, jumba la maduka na makazi linalozidi kuumeza mji. Siku moja anaambiwa vyungu vyake havitakiwi tena, watu wanataka plastiki. Kisa hicho Kariakoo si kigeni. Kigeni ni sentensi. Saramago haweki alama za mtajo. Inakuja koma, inafuata herufi kubwa, ndipo ujue msemaji amebadilika. Wengi hulalamika. Mimi nilipoisoma kwa sauti nilisikia Mtaa wa Kongo, muuzaji na mnunuzi wakikatana kauli hadi aliyesimama pembeni hajui nani kasema elfu nane na nani kaapa kwamba hata mtaji haurudi. Kituo hakipatani bei. Mkuu wa idara ya ununuzi anatoa uamuzi, na wateja wanahojiwa kwa dodoso kama sanamu za udongo anazotaka kuuza badala ya vyungu zitawafaa. Majibizano yaliyofutwa dukani, Saramago ameyarudisha ndani ya sentensi, na anayetaka kuimaliza haraka inamkwamisha.

Chini ya Kituo kunagunduliwa pango la Plato, na wenye Kituo wanajiandaa kulikatia tiketi. Hapo nilimwacha Saramago aende peke yake. Soko letu, alilolichora Beda Amuli miaka ya 1970 na moto ukaliunguza Julai 2021, nalo lina ghorofa ya chini, Shimoni, na walioshuka huko walifuata vitunguu kwa bei ya jumla. Fumbo la Saramago limenyooka mno: juu uongo, chini ukweli. Gunia la Vassanji limepinda, nalo naliamini zaidi.

Juzi nilikwenda kutafuta gunia tupu, la katani, si salfeti. Kijana anayeuza magunia alifukua chini ya rundo, akapata moja lenye viraka viwili. Alilikung'uta, zikadondoka punje kama sita za maharage. Aliziokota zote, akazitia mfukoni, ndipo akanitajia bei.