Mnyapara wa Njia ya Unyanyembe

Upande wa Itetemia na Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, miembe bado inaonyesha zilikopita nyayo za misafara. Hapa ndipo mizigo iliyotoka Bagamoyo ilipotuliwa ikahesabiwa upya. Tembe la makumbusho la Kwihara lina jina la Livingstone, ambaye kweli alikaa hapo. Mimi nikifika huko humfikiria Sidi Mubarak Bombay, mnyapara, yaani msimamizi wa wapagazi wa misafara.

Alizaliwa Uyao, yapata mwaka 1820. Utotoni alitekwa, akauzwa Kilwa, akavushwa hadi India. Bwana wake alipofariki akawa huru, akarudi Unguja na kuingia jeshi la Sultani. Wasafiri Waingereza Burton na Speke walimkuta mwaka 1857 akiwa askari wa ngome ya Chogwe, karibu na mto Pangani. Speke Kiswahili hakukijua, Kihindi alikijua. Bombay alivijua vyote viwili. Basi amri zikaingia kwa Kihindi na kutoka kwa Kiswahili, na nadhani ukali mwingi uliishia njiani.

Unyapara ni ufundi usio na randa wala nyundo, ndiyo maana ni rahisi kuudharau. Mzigo wa mpagazi ulikaribia frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Mtumba wa kitambaa cha merikani ulikazwa kwa kamba mpaka ukawa mgumu kama gogo, maana ukilegea unamla mtu bega. Koja za waya zilining'inizwa kwenye ncha mbili za mti. Mnyapara alipaswa kujua nani anaumwa mguu, nani kapewa mzigo mwepesi jana, nani ana macho ya kutoroka. Akikosea kugawa alfajiri, ugomvi humkuta kabla jua halijapanda. Jioni kulikuwa na posho ya kupima kwa shuka na doti za kitambaa, kila jicho likiutazama mkono wake. Na Ugogo kulikuwa na hongo, yaani ushuru wa njia: kukaa, kunyamaza, kutoa kidogo, kukaa tena.

Hakuwa malaika. Pombe aliipenda, na Stanley, mwajiri wake wa baadaye, alimwandika kwa maneno makali. Speke alimpiga makonde, tena mbele ya watu aliowaongoza. Lakini tazama nani alimtafuta nani: Speke huyo huyo alirudi mwaka 1860, wakafuata Stanley mwaka 1871 katika safari iliyomfikisha Ujiji kwa Livingstone, kisha msafiri Cameron mwaka 1873. Fundi hupimwa kwa wateja wanaomtafuta.

Oktoba 1873 Bombay alikuwa hapa Unyanyembe, yaani eneo hili la Tabora, pamoja na Cameron, wakati Chuma na Susi, watumishi wa Livingstone, walipowasili na maiti ya bwana wao. Wao wakaendelea kwenda pwani. Bombay akageuka magharibi, na Novemba 1875 msafara ukaiona bahari ya Atlantiki. Inakadiriwa kwamba maishani mwake alisafiri kilomita 9,600, nyingi kwa miguu.

Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London ilimpa pensheni mwaka 1876. Alifariki mwaka 1885.

Ukienda Kwihara, ukishaonyeshwa alipolala Livingstone, muulize mwenyeji wako wale waliobeba mitumba walilala upande gani.