Habari na Mbebaji Wake: Tabora ya Misafara na Makundi ya Simu

Katika mikutano ya wachungaji siku hizi haipiti saa moja bila mtu kulalamika juu ya mitandao ya kijamii. Husemwa kwamba vijana wamepotea, kwamba umbeya umeota mabawa, kwamba Kanisa limevamiwa na kitu kigeni ambacho wazee wetu hawakukijua. Sisi tunaotumika katika nchi ya Unyamwezi hatuwezi kuikubali hoja hiyo ya mwisho. Mji wa Tabora ulijengwa kwa habari kama ulivyojengwa kwa pembe za ndovu. Kabla reli haijafika mwaka 1912, mambo ya Ujiji na Manyema yalipita hapa yakielekea Bagamoyo, na mambo ya pwani yalipita hapa yakielekea bara. Kwa hiyo makala haya hayaulizi kama ni vema habari zisambazwe. Yanauliza ni nani anayezibeba, na kama akihojiwa yupo wa kujibu.

Tuchukue mfano ambao wengi wetu tunaujua nusu. David Livingstone alitangaziwa kifo mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa Desemba 1866, pale Musa, mtu wa Nzwani aliyemtoroka safarini, alipofika Unguja na kusimulia jinsi bwana wake alivyouawa na Wangoni. Alisimulia vizuri, na wenzake waliotoroka pamoja naye walikuwapo kumthibitishia. Wengi waliamini, hata Uingereza watu wakaomboleza. Mwaka uliofuata E. D. Young alitumwa mpaka Ziwa Nyasa kuchunguza. Aliuliza kwa wenyeji, akakuta kwamba mzee yule alikuwa amekwisha pita mbali zaidi ya mahali alipodaiwa kufia, tena akiwa hai.

Mara ya pili ilikuwa Oktoba 1873. Chuma alifika Unyanyembe, karibu na Tabora, akiwa na barua ya kueleza kwamba Livingstone amefariki kijijini kwa Chitambo, katika nchi iitwayo leo Zambia. Barua hiyo iliandikwa na Jacob Wainwright, mtumwa aliyekombolewa na kusomeshwa Nasik huko India, ambaye katika msafara ule alikuwa mmoja wa wapagazi. Nyuma ya barua ukaja mwili wenyewe, umekaushwa, umefungwa kwa gome la mti, umechukuliwa mabegani. Luteni Cameron aliyekuwako Unyanyembe aliwashauri wauzike hapo hapo. Walikataa, wakaendelea mpaka Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Mtu aliyetaka kuhoji habari ile aliweza kuwahoji Chuma, Susi na Wainwright, akatazama walichokibeba.

Hata hivyo tusiipambe misafara. Msomaji akifungua *Maisha* ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, ambayo Heinrich Brode aliyachapisha mwanzoni mwa karne ya 20, atakutana na Kiswahili safi, chenye mwendo wa haraka na kumbukumbu kali ya madeni, bei na majina ya watemi. Ni kitabu ambacho kila mwanafunzi wa theolojia angefaa kukisoma kwa lugha yake peke yake. Lakini wapagazi ndani yake ni hesabu tu. Walipomtoroka aliwakamata jamaa zao na kuwatia minyororo, naye anasimulia jambo hilo kwa sauti ile ile anayosimulia uzito wa pembe. Katika *Safari za Wasuaheli*, zilizokusanywa na Carl Velten na kutolewa mwaka 1901, wasimulizi ni wafanya biashara na watumishi wa Wazungu. Mnyamwezi aliyebeba mzigo begani kutoka Tabora mpaka pwani alikuwa mjumbe mkubwa kuliko wote hao, lakini kalamu haikuwa yake. Wainwright ni mmoja katika maelfu.

Hapa ndipo tunapoona neema ya blogu za Kiswahili, na tunasikitika kwamba vyuo vyetu havikuzitazama kwa makini zilipokuwa na nguvu. Katika miaka ya 2000 Ndesanjo Macha alianzisha blogu yake ya Jikomboe na kuwahimiza wengine waandike kwa lugha yao wenyewe. Mwaka 2005 mpiga picha Issa Michuzi alianza ya kwake, ikawa kama baraza la Watanzania waliotawanyika: harusi, misiba, mahafali, mtu aliyepotezana na ndugu. Mwaka 2006 likazaliwa jukwaa la Jambo Forums, ambalo baadaye lilikuja kuitwa JamiiForums. Kazi hizo hazikulingana. Ya Michuzi, kwa maoni yetu, iliwapenda mno wakubwa wanaokata utepe. Picha ilikuwa nzuri na swali halikuulizwa. Jikomboe ilikuwa na hoja. Jukwaa la Jamii lilikuwa na yote mawili pamoja na matusi mengi. Lakini zote tatu zilikuwa na tabia moja tunayoithamini: mwenye nyumba alijulikana, tarehe iliandikwa, na aliyepinga alipinga hapo hapo chini ya maneno yaliyopingwa, mbele ya wasomaji wote. Uongo wa Jumatatu ulibaki ukutani pamoja na masahihisho yake ya Jumanne.

Itasemwa kwamba wachangiaji wengi walijificha nyuma ya majina ya bandia. Ni kweli, na hatuoni kwamba ni kosa sikuzote. Mpagazi aliye katika mnyororo hawezi kutia sahihi. Lakini hata pale palikuwa na wa kujibu: tangu Desemba 2016 Maxence Melo, mmoja wa waanzilishi wa jukwaa hilo, alisimama mahakamani mara nyingi kwa sababu hakutaka kuwatoa waandishi wake. Msomaji anaweza kumlaumu au kumsifu. Hawezi kusema kwamba habari ile haikuwa na mbebaji.

Kisha zikaja kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018. Mwenye blogu alitakiwa kulipa maombi ya shilingi 100,000, leseni ya shilingi 1,000,000, na ada ya mwaka ya shilingi 1,000,000 nyingine. Mwalimu wa Sikonge au Urambo atatoa wapi fedha hizo ili aandike juu ya bei ya tumbaku? Mwezi wa Juni mwaka huo JamiiForums ilifungwa kwa muda, na blogu nyingi ndogo zikanyamaza. Kanuni zilirekebishwa baadaye, lakini mazoea yalikuwa yamekwisha kubadilika. Watu hawakuacha kusema. Waliingia katika makundi ya WhatsApp, ndani ya chumba kilichofungwa, ambamo ujumbe hufika bila mwandishi, bila tarehe, bila mahali, na kutoka humo huingia katika chumba kingine kabla mtu hajauliza swali.

Kundi la usharika lina faida zake, wala hatutaki kuzificha. Msiba hutangazwa usiku na asubuhi watu wako msibani. Kwaya hujua saa ya mazoezi. Mwana wa usharika aliyehamia Mwanza hutuma mchango wake. Lakini tunapoyasoma makundi haya kama tunavyosoma maandishi mengine, tunaona fasihi isiyo na mtunzi. Anayeleta husema, "Nimeipokea kama ilivyo." Maneno hayo matatu tunayaona kuwa ni ukanaji mkubwa wa siku zetu, maana kwa hayo mtu hubeba mzigo huku akiapa kwamba mabega si yake.

Martin Luther katika Katekisimo Kubwa, akiifafanua amri ya nane, anafundisha kwamba anayesikia ovu la jirani ayafanye masikio yake kuwa kaburi, alizike humo mpaka atakapokuwa amepewa kazi ya kuhukumu. Tena kwamba dhambi iliyo ya wazi yaweza kukemewa wazi. Ni mafundisho makali kuliko tunavyoyahubiri. Na haki inatudai kuongeza kwamba mwalimu huyu mwenyewe, ambaye mitambo ya kupiga chapa ilimtumikia kuliko mtu yeyote wa zama zake, mwaka 1543 alipeleka duniani maneno ya chuki juu ya Wayahudi ambayo Fungamano la Makanisa ya Kilutheri lililazimika kujitenga nayo, mkutanoni Budapest mwaka 1984. Masahihisho yalichelewa miaka 441.

Katika mkoa wetu hatuna muda wa namna hiyo. Mwezi wa Julai 2017, wilayani Nzega, wanawake watano waliuawa na kundi la watu kwa kushukiwa uchawi. Hatusemi kwamba simu iliwaua. Mauaji ya vikongwe katika nchi hizi ni ya zamani kuliko simu. Tunasema kwamba pale ambapo mnong'ono peke yake umekwisha kuua, mchungaji anayepeleka mbele asichokijua anacheza na moto katika majani makavu.

Nasi hatuandiki haya tukiwa nje. Katika usharika mmoja tuliopata kuutumikia, baada ya mavuno, uliletwa ujumbe kwamba mwinjilisti wa mtaa fulani amekula sadaka ya mavuno, magunia na fedha. Hakuna aliyeandika jina lake chini ya ujumbe huo. Tuliusoma jioni, tukaupeleka kwa wazee wanne wa kanisa, tukiongeza neno moja tu, kwamba tuliombee jambo hili. Asubuhi mtaa mzima ulikuwa nao, na mkewe alizomewa kisimani. Siku ya tisa vitabu vilikaguliwa. Kila gunia lilikuwapo, pamoja na stakabadhi. Tulituma masahihisho katika kundi. Wachache waliyasoma, na hatukuona hata mmoja aliyeyapeleka mbele kama yale ya kwanza yalivyopelekwa.

Tulipanda baiskeli tukaenda kwake kuomba radhi. Alitukaribisha, mkewe akaleta maji ya kunawa na karanga. Alitusikiliza mpaka mwisho bila kutukatiza. Kisha akasema, "Baba Mchungaji, mimi nimesamehe. Ila nataka nimwendee na yeye, tuyamalize. Ni nani aliyekuletea?" Tulitoa simu mfukoni, tukarudi nyuma katika mazungumzo mpaka ule ujumbe, tukamwonyesha. Hapakuwa na jina la kumpa.