Faili Ambalo Hata Root Hawezi Kulifuta

Watumiaji wengi wa Unix hujifunza chmod mapema, kisha huishia hapo. Wakiwa na faili la kulinda, huandika chmod 444 na kuamini kwamba limesalimika. Halijasalimika. Kwenye Unix kufuta faili ni kuondoa jina lake katika saraka, kwa hiyo mfumo hukagua kama una ruhusa ya kuandika kwenye saraka, si kwenye faili lenyewe. Faili la kusomwa tu, likiwa ndani ya saraka yako, linaondoka kwa rm -f bila hata wewe kuulizwa. Root, yaani mtumiaji mkuu, ruhusa hizo hazimzuii kabisa.

Pengo hilo lilizibwa na 4.4BSD, mfumo uliotolewa mwaka 1993 na Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Kwenye taarifa za kila faili iliongezwa sehemu ya alama, ikaja na amri ya kuzibadili: chflags. Ukiandika chflags uchg mkataba.txt, faili hilo halihaririwi, halifutwi wala halibadilishwi jina, hata na wewe mwenyewe, mpaka uandike chflags nouchg. Alama hizo huonekana kwa ls -lo kwenye FreeBSD na ls -lO kwenye macOS. Anayefunga faili kwa kipanya ndani ya Finder anaweka uchg hiyo hiyo.

Uzuri wa kazi ile ya 4.4BSD uko katika kugawa mamlaka. Kwenye FreeBSD alama hukaa katika namba ya biti 32: biti 16 za chini ni za mwenye faili, 16 za juu ni za root peke yake. Uchg iko chini; schg, mwenzake wa root, iko juu. Uchg humkinga mtu na mkono wake mwenyewe tu; rm ikiendeshwa na root huiondoa alama hiyo yenyewe kisha ikafuta faili. Schg ni jambo jingine. Kiini cha mfumo kina kiwango cha usalama, kern.securelevel, na kikishafika 1 au zaidi, root hawezi tena kuondoa schg. Kiwango chenyewe hupandishwa tu. Hakishuki mpaka mashine iwashwe upya.

Hapo ndipo wasimamizi wengi wanapokosea. Kiwango hupandishwa na hati zinazoendeshwa mashine inapowaka. Mvamizi aliyepata uwezo wa root akiweza kuhariri /etc/rc.conf, atafuta mstari wa kupandisha kiwango, atawasha mashine upya, na schg zote zitafunguka mbele yake. Kwa hiyo faili hilo na hati zote za kuwasha mfumo nazo zifungwe kwa schg, la sivyo ulinzi wote ni bure. Gharama yake ni kwamba kila sasisho la mfumo litahitaji kuwasha upya. Ni gharama halali kwa seva inayolinda mitandao ya watu.

Sappnd, alama nyingine ya root, inayoruhusu kuongeza maandishi mwishoni bila kufuta ya nyuma, inafaa sana kwa kumbukumbu za matukio. Lakini programu ya newsyslog hubadilisha majina ya kumbukumbu za zamani, na sappnd hairuhusu hilo. Panga mapema nani atazihamisha.

Linux ina chattr na lsattr: chattr +i hufunga, chattr -i hufungua. Mwenye faili asiye na uwezo uitwao CAP_LINUX_IMMUTABLE hawezi kufunga hata faili lake mwenyewe, na root mwenye uwezo huo hufungua wakati wowote. Kwa maoni yangu mpango wa BSD umefikiriwa kwa kina zaidi. Unampa mtumiaji wa kawaida kufuli lake, na unamwekea root mpaka wa kweli. Chattr inazuia ajali. Isitegemewe kumzuia mvamizi.

Siku ukiwa root na rm ikakujibu "Operation not permitted", usikimbilie chmod 777 wala usidhani diski imeharibika. Endesha lsattr au ls -lo kwanza, kwenye faili na, kwa kuongeza -d, kwenye saraka yake, na kabla ya kuondoa alama yoyote tafuta aliyeiweka umuulize kwa nini.