Shujaa Arudipo: Pengo Moja katika Tenzi Zetu za Vita

Wahakiki wamezishughulikia sana tenzi zetu za vita kwa upande wa fani. Jambo ambalo halijaulizwa vya kutosha ni hili: askari akisharudi nyumbani, utenzi humwacha wapi? Utenzi wa Vita vya Uhuru wa Shaaban Robert, uliochapwa mwaka 1967 baada ya kifo chake, waeleza kwa urefu vita vya 1939 hata 1945. Utenzi wa Henry Muhanika juu ya vita vya Kagera ulitoka mwaka 1981, miaka miwili tu baada ya Amin kuanguka. Mapigano yamo, viongozi wamo, ushindi umo. Mtu aliyerudi huku bunduki ingali ikilia kichwani mwake ni vigumu kumwona. Sisemi kwamba lawama ni ya washairi peke yao. Utenzi kwa desturi hufunguliwa kwa dua na kufungwa kwa shukrani, na shukrani haimpokei kwa urahisi mtu asiyepata usingizi.

Hebu tuutazame upande wa Lokichar, katika barabara itokayo Kitale kwenda Lodwar. Wageni waujua mji huu kwa mafuta yaliyogunduliwa jirani mwaka 2012. Wenyeji waijua pia hatari ya njia ya kusini iendayo Kainuk, ambako Waturkana na Wapokot wamenyang'anyana mifugo miaka mingi. Huko mpiganaji si askari wa mshahara bali ni mchungaji. Malisho yake ndiyo uwanja wake wa vita. Kumwambia "arudi uraiani" ni kumwambia arudi mahali ambapo hajapata kuondoka.

Kwa mila ya Waturkana, aliyeua adui huchanjwa chale mwilini. Msomaji wa mjini huona majivuno tu. Mimi naona maandishi, tena yenye hadhira: kila amkutaye kisimani husoma alilotenda, naye halazimiki kulisimulia wala kulificha. Hata lugha imekwisha kumtetea, maana neno la Kiturkana *emoit* humtaja mgeni na adui kwa pamoja.

Utafiti wa Zefferman na Mathew, uliotolewa mwaka 2021, unaipa hoja hii nguvu, lakini pia unaipunguza. Waliwahoji wapiganaji 218 wa Kiturkana. Kushtukashtuka na kukumbuka mapigano kwa nguvu kulifanana na kwa askari wa Marekani. Dalili za huzuni na za kujitenga zilikuwa haba zaidi. Waandishi hao waona kwamba huzuni ya namna hiyo hufungamana na hofu ya mtu kuhukumiwa na watu wake. Basi chale zina kazi. Hata hivyo watu 28 hivi katika kila 100 walikuwa na dalili kali, na idadi hiyo si ndogo. Wale wanaosifu mila kana kwamba ni dawa ya kila kidonda wangeisoma mara mbili. Tena chale hazisemi lolote juu ya mama wa aliyeuawa, aliye ng'ambo ya pili.

Nalo neno letu "kiwewe" halitoshi. Kiwewe ni bumbuazi la ghafla, ambalo humshika mtu kisha humwachia. Hili la mchungaji wa Lokichar humwamsha usiku, na kulipokucha humfuata hadi malishoni, ambako huenda likamwokoa.