Shikamoo Jazz: Nafsineni Inapozeeka Pamoja na Mwimbaji

Nchini Kenya tumezoea kuziita nyimbo za dansi za miaka ya 1950 hadi 1970 “zilizopendwa”. Tanzania huziita “zilipendwa”. Tofauti hiyo ya kirejeshi si ndogo. “Zilipendwa” ni sentensi kamili: zilipendwa, basi. “Zilizopendwa” ni kishazi tegemezi kinachosubiri kiarifu. Nyimbo zilizopendwa zimefanya nini, au zimefanywa nini? Hata hivyo istilahi zote mbili zina njeo ya wakati uliopita na kauli ya kutendwa inayomficha mtenda, yaani huyo aliyependa. Wimbo unahukumiwa kuwa umekwisha kabla haujasikika. Makala haya yanaichunguza dhana hiyo kwa kuitazama bendi moja ya wakongwe iliyoipinga kwa kupanda jukwaani tu.

Shikamoo Jazz iliundwa jijini Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwa msaada wa HelpAge, shirika linaloshughulikia maslahi ya wazee. Ilikusanya wanamuziki waliotoka katika bendi mbalimbali za zamani, akiwemo Salum Zahoro aliyekuwa kiongozi wa Kiko Kids ya Tabora. Albamu yao, Chela Chela, ilitolewa mwaka 1995. Neno “jazz” katika jina hilo lisimpotoshe msomaji. Tangu Dar es Salaam Jazz Band ya mwaka 1932, neno hilo katika Afrika Mashariki limekuwa jina la kundi la dansi wala si la mtindo wa New Orleans. Rumba ya Kuba iliyokuja kwa sahani za santuri ilichangia muziki huu zaidi kuliko Marekani ilivyochangia. Lililo geni katika jina la bendi hii ni neno la kwanza.

Shikamoo ni neno la mdogo kwa mkubwa, na jibu lake ni marahaba. Wazee wanapojiita Shikamoo wanajipachika jina ambalo kwa desturi hutoka kinywani mwa mwingine. Kila atamkaye jina la bendi amekwisha kuamkia, apende asipende. Huu ni ucheshi wa hali ya juu, lakini una mtego. Katika jamii zetu kuamkia kunaweza kuwa njia ya kupita: kijana husema shikamoo, huitikiwa, kisha huendelea na safari yake. Uhakiki wetu wa wasanii wazee mara nyingi umekuwa wa namna hiyo. Tunawapa heshima, tunawasikitikia kwa umaskini wao, tunawasifu kwa “kuhifadhi utamaduni”, halafu hatusikilizi walichoimba. Pengine hata asili ya bendi, kwa kuwa ilisaidiwa na shirika la kuwatunza wazee, iliwashawishi wengi kuiona kama kazi ya hisani. Bendi hiyo ilistahili kuhakikiwa.

Swali la kwanza la kihakiki ni la nafsineni. Nyimbo za dansi za kipindi hicho, tukiacha zile za kisiasa, zina mikondo miwili mikuu. Upo wimbo wa mapenzi, ambamo kijana humbembeleza au humlalamikia mpenzi aliyemwacha. Upo pia wimbo wa mawaidha, unaowaonya wasikilizaji kuhusu anasa za mjini, ulevi, ndoa na marafiki wabaya. Mikondo hii yote miwili ilitungwa na vijana. Katika wimbo wa mapenzi, mtunzi na nafsineni walikaribiana kwa umri. Katika wimbo wa mawaidha, kijana wa miaka ishirini na kitu aliazima sauti ya mzee, akawausia wenzake kana kwamba amekwisha kuyaona yote.

Mkongwe anapoziimba nyimbo hizo upya, mikondo hii hubadilishana nafasi. Ombi la mapenzi linapotoka katika kinywa cha mtu wa miaka sitini na zaidi, wakati wa usemi huhama. Maneno yale yale ya kumwita mpenzi arudi hayamlengi tena mtu anayeweza kurudi. Yanakuwa kumbukumbu iliyovaa nguo za ombi, na wakati mwingine maombolezo. Si lazima neno hata moja libadilishwe. Kwa upande wake, wimbo wa mawaidha unampata mwenyewe. Sauti iliyoazimwa miaka thelathini iliyopita imerudishwa kwa mzee halisi, na onyo ambalo zamani lilisikika kama kujifanya sasa lina uzito wa ushahidi. Kwa maoni yetu hapa ndipo bendi za wakongwe zilipo na nguvu kubwa zaidi, na inasikitisha kwamba hadhira huziomba nyimbo za mapenzi kwanza.

Ukubwa wa kundi nao unahusika. Kundi dogo lisilo na safu ya tarumbeta wala waimbaji wanne wa kiitikio humwacha mwimbaji wazi. Pumzi ikikatika, inasikika ikikatika. Katika sehemu ya kwanza ya wimbo, kabla gitaa halijaanza kuwachezesha watu, maneno hayana pa kujificha. Kwa mhakiki wa fasihi hiyo ni neema.

Albert Lord, katika The Singer of Tales (1960), alisisitiza kwamba katika fasihi simulizi kila utendaji ni utunzi mpya. Waimbaji wa tendi aliowachunguza hawakushindana na sauti zao wenyewe za ujanani. Mwanamuziki wa dansi hushindana nayo. Redio imemhifadhi akiwa kijana, na msikilizaji amekwisha kuikariri sauti ile, pamoja na pale gitaa linapoingia. Mkongwe akichelewesha neno kidogo, hadhira hulitangulia. Wako wanaokubali kuongozwa hivyo na kuiga sahani yao ya zamani hatua kwa hatua, na hao, kusema kweli, huchosha. Wako wengine huushusha ufunguo, huupunguza mwendo na kuligeuza tamko likawa karibu na masimulizi. Hawa ndio tunaowaita watunzi kwa mara ya pili.

Lipo pia swala la umiliki, ambalo wanafunzi wetu hulipita haraka. Mwanamuziki wa dansi Tanzania aghalabu alikuwa mwajiriwa asiyemiliki hata gitaa alilolipiga. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, ilibadilisha jina kila chama kilipobadilisha: ikawa Juwata, kisha OTTU. Wimbo ulitangazwa redioni kwa jina la bendi, na mtunzi alipohama aliuacha nyuma pamoja na ala. Kundi linalokusanya watu wa bendi zilizokuwa mahasimu linavunja mpaka huo, kwa kuwa wimbo humfuata mtu. Ni namna ya kudai haki ya utunzi bila wakili.

Kwa ulinganisho, tumtazame Fundi Konde wa pwani ya Kenya, ambaye rekodi zake za miaka ya 1947 hadi 1956 zilikusanywa na kutolewa upya mwaka 1994. Mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1990 aliirudia baadhi ya kazi yake akishirikiana na Them Mushrooms, kundi la vijana kutoka Mombasa. Ushirikiano huo ulimpa wasikilizaji wapya, na ni jambo la kushukuru. Lakini mzee aliyezungukwa na vijana huwa mgeni wa heshima katika wimbo wake mwenyewe. Mdundo ni wa wenyeji wake. Wazee wanapopigiana wenyewe kwa wenyewe hakuna mgeni wala mwenyeji, na makosa yote ni yao.

Yote haya yana athari kwa kazi ya ukusanyaji. Katika tasnifu nyingi za fasihi simulizi, wimbo wa dansi hunukuliwa kama matini moja yenye tarehe moja, ile ya rekodi ya kwanza. Kama hoja yetu ya nafsineni ina mashiko, matini hiyo haitoshi. Tarehe ya kila utendaji iandikwe kando yake, pamoja na umri wa mwimbaji na idadi ya ala zilizomsindikiza, kwa sababu wimbo wa kijana wa Tabora na wimbo huo huo mdomoni mwake baada ya miongo mitatu hauna msemaji mmoja, hata kama karatasi inaonyesha beti zile zile.